Parthenon Halikuzeeka, Lililipuliwa: Namna ya Kuisoma Akropoli ya Athens

Ukifika juu ya Akropoli ya Athens, usikimbilie kupiga picha. Chagua nguzo moja ya hekalu la Parthenon, yoyote ile, uikague toka chini hadi juu kama mtu anayekagua kitenge dukani kabla ya kutoa hela. Utagundua haina rangi moja. Nguzo hizi zimejengwa kwa pingili, kama muwa, na pingili ya chini ina rangi ya asali. Inayofuata ni nyeupe pe, kana kwamba imetoka kwa fundi wiki iliyopita. Ya tatu ni ya asali tena, ila ubavuni imetiwa kiraka cheupe ambacho ukingo wake unapinda na kukata kona kufuata ufa wa zamani, na kimekaa sawasawa hata wembe haupiti. Nyuma ya nguzo kuna kreni. Kando yake mawe mamia yamelazwa chini kwa mistari, yakisubiri zamu yao.

Siku niliyopanda mimi palikuwa na mzee mmoja, mtalii, akimlalamikia mkewe kwamba wamelipa nauli yote ile kuja kuangalia saiti ya ujenzi. Mkewe hakumjibu, alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha inchi mbili akijipepea kwa kofia. Nilimwelewa mzee, lakini alikuwa ameudhika bure. Saiti ya ujenzi ndiyo Akropoli yenyewe. Shida ni kwamba wengi tunapanda kule na hadithi fupi kichwani: Wagiriki wa kale walijenga, miaka 2,500 ikapita, jengo likachoka, likabaki mifupa. Jengo halikuchoka. Liliwahi kuungua ndani katika zama za Warumi, likaezekwa upya, likaendelea kutumika. Kutoka lilipokamilika hadi lilipovunjika ilipita zaidi ya miaka 2,100, na kilichokuja kulivunja kilimaliza kazi jioni moja. Hayo mabaki tunayoyapiga picha leo ni matokeo ya watu wa juzijuzi, wa karne ya 19 na ya 20, walioamua nini kibaki kilimani na nini kiondoke.

Tuanze na kilima. "Akropoli" si jina la hekalu wala la Athens peke yake. Kwa Kigiriki maana yake ni kilele cha mji, na miji mingi ya Kigiriki ilikuwa na chake. Huu wa Athens ni mwamba wa chokaa ulio mita 150 na kitu juu ya usawa wa bahari, wima pande zote isipokuwa magharibi, na juu ni bapa kama meza yenye ukubwa wa viwanja vinne hivi vya mpira. Mahali kama hapo watu wa kwanza kupapenda si makuhani, ni askari. Karne ya 13 KK tayari palikuwa na ukuta mnene wa ngome. Miungu walihamia baadaye, na askari hawakuondoka kabisa hadi miaka ya 1830.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaujua mji huu kwa jina la Athene, na watu wake kama Wayunani. Kabla ya kufika langoni, kushoto, kuna kilima kidogo cha mawe yanayoteleza kama sabuni. Hicho ndicho kilima cha Areopago, jina linalotajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 17, Paulo anapowaambia Waathene kwamba Mungu hakai katika mahekalu yaliyojengwa kwa mikono. Ukisimama pale ukainua macho utaona jinsi maneno yale yalivyokuwa makali: mahekalu yenyewe yalikuwa juu yao palepale, mazima, na yalikuwa yamepakwa rangi. Ndiyo, rangi. Buluu, nyekundu, dhahabu. Huu weupe wa marumaru tunaouhusisha na Ugiriki ni weupe wa kitu kilichofuliwa na mvua. Hata ile rangi ya asali si ya kale kama tunavyodhani. Marumaru ya mlima Penteli, kilomita 16 hivi kutoka hapo, ina chuma kidogo ndani yake, na chuma hicho kikikaa hewani karne kwa karne kinageuka manjano.

Neno "hekalu" nalo linatupoteza. Tukilisikia tunawaza nyumba ya ibada: watu wamejaa ndani, kuna anayeongoza na wanaoitikia. Parthenon halikuwa hivyo. Ibada ilifanyika nje, kwenye madhabahu, chini ya jua. Ng'ombe walichinjwa, moshi ukaenda kwa miungu na nyama ikagawiwa watu. Ndani ya hekalu alikaa mwenye nyumba, yaani sanamu ya mungu wa kike Athena, na mali zake. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la mwanamwali, kwa kuwa Athena hakuolewa. Sanamu yake, kazi ya mchongaji Pheidias, ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, ngozi ya pembe za ndovu na mavazi ya dhahabu. Mwanahistoria Thucydides anasema dhahabu hiyo ilifika talanta 40, ambazo ni zaidi ya tani moja, na kwamba Perikles, kiongozi wa Athens wakati huo, aliwakumbusha wananchi kuwa yote inavulika: vita ikibana, wanaweza kumvua Athena, wakatumia, kisha wamrudishie. Nani anaongea hivyo kuhusu mahali patakatifu? Anayeongea kuhusu benki. Mimi ningeliita Parthenon hazina kabla ya kuliita hekalu.

Na fedha zilitoka wapi? Mwaka 480 KK Waajemi waliuteka mji, wakachoma kila kitu juu ya mwamba, pamoja na hekalu lililokuwa likijengwa mahali hapohapo. Baada ya vita miji mingi ya Kigiriki ilijiunga kujihami, ikawa inachangia fedha katika hazina ya pamoja kwenye kisiwa cha Delos. Mwaka 454 KK Waathene waliihamishia hazina ile kwao, kwa usalama, walisema. Moja ya sitini ya michango ikawa malimbuko ya Athena. Mwaka 447 KK ujenzi wa Parthenon ukaanza. Wasanifu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na jengo lilikamilika mwaka 432 KK, miaka 15 tu, kasi ambayo mafundi wa leo wenye kreni hawaikaribii. Haikuwa siri kwamba michango ya ulinzi ndiyo inayonunua marumaru. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, anasimulia kuwa wapinzani wa Perikles walimshambulia hadharani kwamba anaupamba mji kama mwanamke mwenye majivuno kwa pesa za wenzao.

Mahali patakatifu zaidi, kwa hiyo, si pale kundi linapojazana. Geuka kushoto ukielekea kaskazini, kuna jengo dogo lenye umbo la ajabu, Erechtheion, lile lenye kibaraza kinachobebwa vichwani na sanamu sita za wasichana. Humo ndimo alimokaa Athena wa zamani, sanamu ya mti wa mzeituni ambayo watu waliamini ilianguka kutoka mbinguni. Katika sikukuu ya Panathenaia mji mzima uliandamana hadi juu kumvisha vazi jipya, na aliyevishwa ni huyu wa mti. Yule wa dhahabu hakuwa na shida ya nguo. Jengo limekaa upogo, sakafu moja juu nyingine chini, kwa sababu wajenzi walikuwa wakizunguka vitu visivyoguswa: alama ya mkuki wa Poseidoni, mungu wa bahari, kwenye mwamba, kisima cha maji ya chumvi, kaburi la mfalme wa kale, mzeituni wa Athena. (Mzeituni uliopo leo ni wa kupandwa karne ya 20, msidanganywe.) Hesabu za ujenzi wake zilichongwa kwenye mawe na baadhi zimesalia. Zinaonyesha kitu kinachoshangaza: raia, mgeni na mtumwa, wakifanya kazi ileile, waliandikiwa ujira uleule, drakma moja kwa siku. Ya mtumwa iliishia mfukoni mwa nani, jiwe halisemi.

Sasa rudi Parthenon, maana hapa ndipo penye ufunguo wa yale mawe yaliyolazwa chini.

Hekalu hili halina mstari ulionyooka. Sakafu yake, mita 69.5 kwa 30.9, imebinuka katikati kama mgongo wa kobe mpole: kwenye upande mrefu katikati pameinuka kama sentimita 11 kuliko pembeni. Fikiria umeweka kikombe cha kahawa kwenye kona moja ya ngazi ya juu, ukaenda kona ya pili ukalaza shavu usawa wa jiwe. Kikombe hukioni, kimefichwa na ngazi yenyewe. Nguzo nazo zimeinama ndani kidogo, kiasi kwamba zikirefushwa angani zingekutana kilomita mbili na zaidi juu. Zimevimba kidogo tumboni. Za kona ni nene kuliko wenzake na zimesogezwa karibu na jirani zao. Kwa nini wajisumbue hivyo, wataalamu bado wanabishana. Vitruvius, msanifu wa Kirumi, alisema sakafu ikinyooka kabisa jicho huiona imebonyea, hivyo inabidi kuidanganya. Wengine wanasema ni kwa ajili ya maji ya mvua, wengine kwamba jengo lilipewa uhai, kama mwili unaovuta pumzi. Labda zote.

Kinachotuhusu sisi ni matokeo yake. Kama sakafu imebinuka na kila nguzo imeinama, basi hakuna jiwe la mraba kamili, na hakuna mawili yanayofanana. Kila pingili imekatwa kwa vipimo vyake ili ikae mahali pake tu. Kila tofali la ukuta lina pembe zake. Jengo zima halina spea. Kati ya pingili na pingili waliweka vigingi vya mbao katikati, na mshikamano wa marumaru ulibana hata hewa isipite. Baadhi ya vigingi hivyo vilipofunguliwa zama zetu, mbao zilikuwa hazijaoza. Kumbuka hili la kukosa spea, tutalirudia.

Baada ya miungu ya zamani kupigwa marufuku, karibu karne ya 6 BK, Parthenon likawa kanisa. Wakristo hawakulibomoa. Walihamishia mlango magharibi, wakajenga nusu duara ya madhabahu upande wa mashariki (na katika kufanya hivyo wakang'oa sanamu za katikati za kipaji cha paa, ile pembetatu ya mbele chini ya paa), wakazipiga nyundo nyuso za michongo mingi waliyoiona ni ya mashetani. Nyumba ya mwanamwali ikawa nyumba ya Bikira Maria, na ikabaki kanisa kwa miaka inayokaribia 900, ya Kiorthodoksi kwanza, kisha ya Kikatoliki baada ya wapiganaji wa Msalaba kuuteka mji mwanzoni mwa karne ya 13. Hesabu mwenyewe: limekuwa kanisa kwa muda usiopungua ule lililokuwa la Athena, au karibu sana na hapo.

Mwaka 1458 Dola ya Uthmaniya ikachukua ngome. Hekalu likawa msikiti, likapata mnara wa adhana kwenye kona ya kusini-magharibi. Evliya Çelebi, msafiri wa Kituruki wa karne ya 17, aliuona na kuusifu sana. Mwaka 1674 mchoraji aliyefuatana na balozi wa Ufaransa alichora sanamu za vipaji vya paa moja baada ya nyingine. Michoro hiyo ni kama picha ya mwisho ya marehemu: inaonyesha jengo lililochakaa hapa na pale, lakini zima.

Miaka 13 baadaye jeshi la Venice, chini ya Francesco Morosini, lilikuja kuuzingira mji. Waturuki walifanya walichofanya kila mwenye ngome hiyo kabla yao: walijifungia juu. Baruti wakaiweka ndani ya Parthenon, na familia zao pia zikakimbilia humo. Kwamba waliamini Wakristo wasingepiga jengo lililokuwa kanisa, au walitegemea tu unene wa kuta, hatuna haja ya kuamua. Jioni ya Septemba 26, 1687, kombora moja lilitoboa paa. Baruti ikalipuka. Paa lote likaenda, kuta za ndani zikaporomoka, nguzo za katikati za pande zote mbili ndefu zikaanguka kama zimefyekwa, na watu wapatao 300 wakafa. Moto ulishika na nyumba za jirani.

Ndiyo maana ukitazama Parthenon kwa ubavu unaona uwazi katikati. Huo si uzee. Uzee hauchagui katikati ukaziacha ncha mbili zimesimama.

Morosini alipoingia alitaka kumbukumbu ya ushindi. Akaagiza sanamu ya Poseidoni na farasi wa Athena zishushwe kutoka kipaji cha magharibi. Vifaa vikashindwa, sanamu zikaanguka, zikavunjika vipandevipande. Miezi michache baadaye jeshi likaona mji haulindiki, likaondoka. Vichwa viwili vya marumaru vilichukuliwa na ofisa mmoja na viko Copenhagen hadi leo, wakati viwiliwili vyake viko London. Waturuki wakarudi, wakajenga msikiti mdogo katikati ya magofu, na maisha yakaendelea: nyumba, bustani, kuku, watoto.

Hapa ndipo ramani ya mtalii inaponyamaza. Ugiriki ilipopata uhuru na askari wa mwisho wa Kituruki akaondoka kilimani mwaka 1833, juu ya mwamba palikuwa na kijiji kizima, msikiti, mnara wa adhana, na mnara mrefu wa mraba wa zama za watawala wa kutoka Ulaya Magharibi. Taifa jipya, likiwa na mfalme kijana kutoka Bavaria na wasanifu wa Kijerumani, likaamua kilima kirudi kuwa cha Perikles. Nyumba zikabomolewa. Msikiti ukaondolewa miaka ya 1840. Mnara wa mraba ukaangushwa mwaka 1875, gharama zikilipwa na Heinrich Schliemann, yuleyule aliyechimba Troya. Kati ya 1885 na 1890 wachimbaji waliondoa udongo wote hadi kufikia mwamba. Walipata hazina kwelikweli, zikiwemo sanamu za wasichana zilizozikwa baada ya uharibifu wa Waajemi, rangi zikiwa bado zinaonekana. Lakini tabaka za karne nyingi za maisha ya watu zilikwenda na udongo ule.

Kwa hiyo mwamba mtupu unaoteleza chini ya viatu vyako haukuwa mtupu. Ulikwanguliwa. Binafsi sioni kwamba walikosea kupenda karne ya 5 KK; ningekuwa pale huenda nami ningeshika sururu. Kinachonikera ni kwamba hakuna kinachokuonyesha palipokuwa na mlango wa nyumba ya mtu.

Lord Elgin namtaja kwa ufupi, kwa sababu hadithi yake inajulikana kuliko zote. Alikuwa balozi wa Uingereza Istanbul. Kuanzia 1801 watu wake waling'oa michongo mingi, mingine kwa msumeno, wakasafirisha London. Hati aliyoitegemea imebaki kwa tafsiri ya Kiitaliano tu, na mjadala mzima wa kisheria unazunguka swali la kama ruhusa ya kuchukua vipande vya mawe ilihusu vilivyolala chini au hata vilivyo ukutani. Mwaka 1816 serikali ya Uingereza ilinunua mzigo wote kwa pauni 35,000. Leo British Museum ina mita 75 hivi za ukanda wa michongo uliokuwa na urefu wa mita 160, na vibao 15 vya mraba vyenye michongo kati ya 92 vilivyokuwepo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inaizuia makumbusho hiyo kutoa mali zake isipokuwa kwa sababu chache sana. Wapokomo wa Mto Tana, Kenya, wanaifahamu kauli hiyo vizuri. Ngadji, ngoma yao takatifu iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, iko kwenye stoo za makumbusho hiyohiyo, na jibu wanalokutana nalo ni sheria ileile wanayosomewa Wagiriki.

Turudi kwenye viraka. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alizisimamisha tena nguzo zilizoanguka upande wa kaskazini, na picha ya Parthenon tunayoifahamu ni ya kwake kwa sehemu kubwa. Alikuwa mchapakazi, lakini alifanya makosa mawili. La kwanza, aliyachukulia mawe kama tofali za kawaida: pingili ya nguzo hii akaiweka ile, jiwe la mashariki likaenda magharibi, na lisipokaa likachongwa likae. La pili ni vyuma. Mafundi wa kale nao walifunga mawe kwa vyuma, ila walivimiminia risasi iliyoyeyushwa, ikavifunika pande zote visipate maji. Balanos alitumia vyuma vya kawaida bila koti hilo. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba ndani ya marumaru kinaipasua kwa ndani, polepole, bila kelele. Chini ya miaka 50 jengo lililostahimili mlipuko lilikuwa linapasuliwa na dawa yake. Moshi wa magari wa Athens nao ukawa unageuza uso wa marumaru kuwa jasi inayooshwa na mvua. Wasichana wa Erechtheion walianza kupoteza nyuso. Mwaka 1979 waliokuwa wamebaki pale walihamishiwa ndani, na wale unaowaona kibarazani ni nakala.

Mwaka 1975 serikali ya Ugiriki iliunda kamati ya kulifumua lile la Balanos na kuanza upya. Hapa ule mgongo wa kobe ndio unaokuja kuokoa. Kwa kuwa kila jiwe lina vipimo vyake, kila jiwe lina anwani. Ukilipima kwa makini, pembe zake, matundu ya vyuma vya kale, alama za jua na mvua, unaweza kujua lilikuwa nguzo gani, safu ya ngapi, limetazama wapi. Wamepata anwani za mawe mamia yaliyokuwa yamepotea njia. Pale jiwe lilipomeguka, hawalichongi jiwe la kale lilingane na jipya. Wanakata marumaru mpya kutoka Penteli na kuichonga ifuate kila bonde na kilima cha mvunjiko. Vyuma ni vya titaniamu, ambayo haishiki kutu na hutanuka kwa joto karibu sawa na marumaru. Na weupe wa kiraka ni wa makusudi, ili mtazamaji asidanganywe kipi ni kipi na ili kesho mtu mwenye ujuzi zaidi aweze kukitoa bila kujeruhi cha kale. Kazi hiyo imezidi kwa mbali miaka 15 aliyotumia Perikles, na yule mzee mtalii angeelezwa hivyo huenda asingenuna.

Ukienda, nenda mapema asubuhi. Tangu Septemba 2023 watu hawazidi 20,000 kwa siku na unanunua tiketi ya saa maalumu. Tangu Aprili 2025 bei ni yuro 30, ila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Novemba hadi Machi, ni bure. Kiangazi joto likizidi wanafunga mchana. Vaa viatu vyenye kushika, viatu vya visigino haviruhusiwi. Usiokote hata kokoto, kuna walinzi wenye filimbi na hawana mchezo. Ukipita lango kuu, Propylaia, tazama kuta zake: kuna vinundu vya mawe vimechomoza, vilivyoachwa kwa ajili ya kamba za kunyanyulia. Vilitakiwa kuchongwa mwishoni. Mwaka 431 KK vita na mji wa Sparta ikaanza, na hakuna aliyerudi kuvimalizia.

Makumbusho ya chini ya kilima, yaliyofunguliwa 2009, yaache hadi baada ya kushuka. Ghorofa ya juu imegeuzwa ielekee sawasawa na hekalu unaloliona dirishani, na ukanda wa michongo umepangwa kwa mpangilio wake: vipande halisi vya asali, na nakala nyeupe za plasta mahali pa vilivyo London. Hakuna bango la kulalamika. Rangi mbili zinatosha.

Kisha, kabla ya kurudi hotelini, zunguka upande wa kaskazini, ushuke kuelekea Agora ya kale, yaani soko la mji, ugeuke utazame juu. Katikati ya ukuta wa ngome utaona miviringo ya marumaru imepangwa mstari, mikubwa kama magurudumu ya trekta. Ni pingili za nguzo za lile hekalu lililokuwa likijengwa Waajemi walipokuja mwaka 480 KK. Waathene wangeweza kuzificha ndani ya ukuta au kuzivunja kifusi. Wakazipanga nje, upande unaotazama soko, kila aliyekwenda kununua samaki azione. Na ukikaza macho utaona kwamba pingili hizo hazina ile mifereji inayoshuka ubavuni mwa nguzo za Kigiriki, kwa sababu mifereji huchongwa nguzo ikishasimama yote.